Kadi Zilizokataliwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na Mama Nukta amegawa vitenzi vya msimu. Mama Nukta ndiye mhariri wetu. Jina lake halisi limeandikwa mlangoni lakini hakuna anayelitumia, kwa sababu huiona nukta iliyokosekana akiwa upande wa pili wa chumba, bila miwani. Kamusi tunayoitengeneza ni ya vile vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili vinavyowatoa wanafunzi jasho. Neno la kwanza unalijua, la pili unalijua, ukiyakutanisha huyajui tena. Mimi nimepewa "make up". Lina maana nane, na kila maana inataka kadi yake, Kiingereza juu, Kiswahili chini, sentensi moja tu ya mfano.

"Usilidharau," aliniambia. "Hilo litakula masika yote."

Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la baiskeli, na mwaka huu nimebahatika kupata meza ya dirishani. Kuanzia saa nane kioo kilijaa ukungu, nikawa natazama watu wasio na nyuso wakipita barabarani na miamvuli. Niliwaza mmoja wao ni nani, anaenda wapi, na anaogopa nini. Sikuandika kitu.

Jumanne, 4 Machi

Maana ya kujipamba uso imeisha kabla ya chai. Mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Kila Ijumaa mifano husomwa mbele ya mlinzi wa lango. Ni sheria ya Mama Nukta na haina rufaa. Mlinzi hupanda ngazi akilalamika magoti, huketi karibu na mlango, huvua kofia, na sisi tunamsomea Kiswahili. Akinyamaza, mfano umepita. Akiuliza, "Halafu ikawaje?" kadi inapigwa mstari mwekundu. Mama Nukta anasema mfano mzuri humwonyesha mtu neno ukamwacha aende zake. Ukimwachia hamu, atasahau neno na kubaki na kisa.

Leo nimepitisha nne: bibi harusi aliyejipamba, mfamasia aliyechanganya dawa, mhudumu aliyetandika kitanda cha wageni, dereva aliyefidia muda alioupoteza njiani. Mlinzi kimya, karibu asinzie. Kisha nikasoma mfano wa kutunga jambo ambalo halikuwepo: "Mpangaji alitunga kisa ili asihamishwe." Mlinzi akajiweka sawa kitini. Halafu ikawaje, walimhamisha? Mstari mwekundu.

Kadi zilizokataliwa nazibeba nyumbani. Dada ni fundi cherehani. Upande wa nyuma ni mweupe, kwa hiyo huuandikia vipimo vya wateja, kifua, kiuno, urefu wa mkono, kisha huibana kadi kwenye kitambaa kwa pini. Tumefanya hivyo kwa miaka minne, na hakuna karatasi inayopotea bure.

Jumatatu, 10 Machi

Dada ameposwa, na amekubali. Ana miaka arobaini na minne. Mchumba ni fundi bomba, mjane, mtu mpole mwenye kucha safi kuliko zangu. Anakaa ng'ambo ya mto, na barabara ya huko haipitiki mpaka mvua zikatike. Zikikatika, atakuja na gari kumchukua, wakafunge ndoa hukohuko bila sherehe.

Nilimpongeza kama unavyompongeza jirani wa nyumba ya tatu. Akasema asante kwa sauti hiyohiyo. Tukala maharage.

Niandike kwa nini, maana hii ni shajara yangu na humu simwonei mtu haya. Mama alikufa nikiwa mdogo sana. Baba aliondoka kwenda kutafuta kazi nikiwa na miaka sita, na dada alikuwa na kumi na saba. Kuanzia hapo kila wiki dada alikwenda posta, na kila wiki alirudi na salamu. Baba anauliza kama lile jino la mbele limeota. Baba amesema usiogope radi, ni wenye nyumba wa juu wanahamisha makabati. Baba amesema mvua ya huko inanyesha kwa ubavu, watu wanashika miamvuli kama ngao. Nilikua na baba huyo. Nilipomaliza mtihani, nikiwa na miaka kumi na sita, dada alinikalisha kitandani akaniambia amefariki, nami nikamlilia siku tatu.

Mwaka jana, kwenye mazishi ya shangazi, baba mdogo alichoka akaropoka. Kaka yake hakutuma hata mstari baada ya mwezi wa kwanza. Aliishi na familia nyingine, akafa nikiwa na miaka kumi na mmoja, na dada akaletewa habari siku ileile.

Kwa hiyo miaka mitano nilisalimiwa na maiti, na niliposikia msiba, aliyenishika mgongo alikuwa anajua. Nilimuuliza dada pale pale makaburini. Akasema ndiyo. Hakuongeza neno, na mimi sikuuliza tena. Tangu hapo tunaishi kwa adabu, na adabu hiyo inanichosha kuliko matusi. Mvua zikikatika ataondoka, na sijui kama nataka zikatike.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimesoma hii: "Dada yangu alitunga salamu za baba kwa miaka kumi."

Sijui kilichonipata. Niliiandika asubuhi bila kufikiri, mkono ukienda wenyewe, na Kiingereza chake kilikaa sawasawa, sarufi haina kosa. Mlinzi hakuuliza kwa sauti yake ya kawaida. Aliuliza polepole, akiitazama kofia yake. Halafu ikawaje? Mama Nukta alinitazama juu ya miwani, akavuta mstari, akasema ile kadi ya maana nyingine, ya kupatana, nayo iko wapi. Nikasema bado.

Nimeileta nyumbani pamoja na nyingine. Dada hutazama upande wa nyuma tu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Maharage. Dada anajishonea gauni lake mwenyewe, rangi ya chai ya maziwa, na hajaniuliza kama limempendeza. Limempendeza.

Jumatatu, 24 Machi

Mchana kutwa nimekuwa nikiwaza mji wa watu wa mifano. Lazima upo mahali. Bibi harusi yule bado amekaa mbele ya kioo, uso nusu umepambwa, na hatafika kanisani kamwe. Dereva anakimbiza muda uliopotea kwenye barabara isiyo na mwisho. Mhudumu anatandika, anatandika. Wanasalimiana kwa sentensi moja moja. Mvua ya huko, nadhani, inanyesha kwa ubavu.

Na yupo baba, amevaa shati la bluu mikono imekunjwa, amesimama nje ya posta. Nilimwona vizuri kabisa leo saa tisa, mpaka Mama Nukta akaniuliza kama ninaumwa. Ananitazama kwa upole na hana la kusema, kwa sababu mwenye kumpa maneno ameacha.

Ijumaa, 28 Machi

Tatu zimekataliwa kwa mkupuo. "Mtu aliyetungwa huvaa shati la bluu." Halafu ikawaje. "Salamu zilizotungwa haziwezi kurudishwa kwa mwenyewe." Halafu ikawaje, na safari hii Mama Nukta pia alikuwa na uso wa kuuliza. Ya tatu: "Nilimlilia mtu miaka mitano baada ya kufa kwake, na aliyenishika mgongo alijua."

Mama Nukta aliipokea kadi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hapa neno letu liko wapi?"

Halikuwepo. Nilikuwa nimesahau kuliweka. Mlinzi akasema kwa heshima kwamba yeye neno halijali, anataka kujua tu kama huyo mtu na mwenziwe wanaongea.

Alhamisi, 3 Aprili

Mto umefurika. Mchumba amepiga simu kusema hata ng'ombe hawavuki. Dada alicheka kwenye simu, kicheko ambacho sijakisikia miezi mingi, na nilisimama jikoni na kijiko mkononi mpaka kikaisha.

Jumatano, 9 Aprili

Maji yamejaa barabara ya ofisini, nimebaki nyumbani. Nilikuwa nyuma ya pazia linalotenga kitanda changu na chumba cha cherehani, nimelala na kitabu kifuani, nusu nimo usingizini, mvua inagonga bati. Nikasikia hodi. Alikuwa nesi wa kituo cha afya, aliyeshonewa sare mbili wiki iliyopita. Amerudi kupunguziwa kiuno. Wakaongea habari za mafuriko, za wagonjwa wanaobebwa mgongoni. Kisha nesi akashusha sauti.

Alisema samahani fundi, najua si yangu, lakini kwenye sare ulibana kadi, na mimi nikiona maandishi siwezi kutoyasoma. Nimesumbuka nayo wiki nzima. Huyu mtu na dada yake, walipatana?

Cherehani ikanyamaza. Nilimsikia dada akiichomoa pini, akiigeuza kadi. Ilikuwa ya tarehe 14, lazima. Nilihesabu matone yanayodondoka kwenye ndoo pembeni mwa kitanda, nikafika thelathini na moja.

"Sijui," dada akasema. "Hizi zinatoka ofisini kwao."

Akampima nesi kiuno, akaandika, akamsindikiza mlangoni. Halafu akafungua lile kopo la biskuti anamohifadhia kadi. Nilisikia kifuniko. Baada ya hapo ni karatasi tu, moja baada ya nyingine, taratibu, kwa muda mrefu sana. Sikutoka. Nina miaka thelathini na mitatu na nilijifunika shuka hadi kichwani.

Alhamisi, 10 Aprili

Hajasema kitu.

Ijumaa, 11 Aprili

Ofisini. Nimesoma: "Mwalimu alitunga hadithi fupi kwa ajili ya darasa." Mlinzi alipiga miayo. Imepita. Mama Nukta akasema kumbe inawezekana. Sikusikia furaha yoyote.

Jumatatu, 14 Aprili

Uji aliupika, akaniachia wa kwangu umefunikwa na sahani.

Alhamisi, 17 Aprili

Gauni limekwisha. Limetundikwa kwenye msumari wa pazia, na upepo ukipita linageuka kidogo, linanitazama.

Jumapili, 20 Aprili

Nimeamka nikakuta kadi mezani kwangu, zimefungwa kwa uzi mweupe. Dada alikuwa ametoka. Zilikuwa nne, zile zote zinazomhusu. Alikuwa amezisahihisha kwa penseli, mbele, chini ya maneno yangu, kwa mwandiko wake wa kulala upande mmoja.

Kwenye ile ya kwanza: "Si miaka kumi. Tisa na nusu. Mwaka ule wa homa hukuuliza miezi sita."

Kwenye ya shati: "La bluu uliliongeza mwenyewe. Mimi nilisema la kijivu. Ulikataa kijivu, ukalia, nikakuachia."

Kwenye ya salamu: "Posta sikwenda. Nilikaa nyuma ya ghala la mahindi mpaka niipate ya wiki hiyo. Zingine zilikuwa ngumu kupatikana."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nje mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyosikika, unaijua tu kwa kuwa vitu vinang'aa. Nilimwona msichana wa miaka kumi na saba amekaa juu ya gunia nyuma ya ghala, kanga imelowa, anahangaika kumtafutia mdogo wake neno la baba. Nilimwona waziwazi kuliko nilivyowahi kumwona yule mwanamume wa shati. Makabati ya radi yalitoka pale. Miamvuli ile ilitoka pale. Nilipoomba kazi hii niliulizwa nimejifunzia wapi kupanga sentensi, nikajibu kwa majivuno kwamba ni damu ya baba, alikuwa mtu wa maneno. Mama Nukta aliliandika jibu hilo.

Kadi ya mwisho ilikuwa ile isiyo na neno letu, ya kumlilia mtu na kushikwa mgongo. Chini yake dada aliandika:

"Mimi pia nililia siku hiyo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Miaka mitano kabla yake sikupata nafasi, ungeniuliza nalilia nini."

Nikaketi chini sakafuni. Naikumbuka siku ile. Nakumbuka alilia kwa nguvu kuliko mimi, mpaka mimi ndiye nikaenda kumletea maji, na kichwani nilisema ananisindikiza tu, ananionea huruma. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Aliubeba msiba ule akienda sokoni, akinichana nywele, akinitungia salamu za mtu huyohuyo aliyekufa. Nimelia leo asubuhi nzima, na safari hii najua ninayemlilia.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimezungumza naye. Haikuwa kama nilivyoota.

Nilimkuta anapinda upindo. Niliomba msamaha vizuri, kwa maneno niliyoyapanga tangu alfajiri. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa na pini mbili mdomoni, akazitoa, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. Nilimuuliza kwa nini hakusema tu kwamba salamu ni zake.

"Zangu?" akasema. "Mimi nilikuwa mtu wa kukupigia kelele ukaoge. Mtu huyo anatuma salamu gani? Ulitaka mtu wa mbali. Mimi nilikuwa hapa kila siku, nanuka moshi."

Nikasema sikuwa na haki ya kukasirika. Akasema haki ninayo, amenidanganya, hilo halibishi, na pale makaburini alingoja nimtukane ili yaishe. Kisha akanitazama usoni, jambo ambalo hatujafanya kwa mwaka.

"Lakini ulimwambia mlinzi. Ijumaa kwa Ijumaa. Nesi alijua kabla yangu kwamba una uchungu. Mimi nilikuwa chumba cha pili, mdogo wangu."

Nilitaka kumshika mkono, akauvuta, si kwa ukali, akasema nimwache kwanza, ana sare za watu.

Ijumaa, 25 Aprili

Sikusoma kitu. Nilimwambia Mama Nukta kwamba maana ya patana imenishinda. Hakushangaa. Mlinzi alishuka ngazi akiwa amenuna, kwani Ijumaa bila kadi ni Ijumaa bure.

Jumatano, 30 Aprili

Jua limetoka saa mbili nzima. Nimelichukia.

Jumapili, 4 Mei

Barabara imekauka hadi mtoni. Mchumba atakuja Jumamosi. Dada anafunga vitu: mkasi mkubwa, mkasi mdogo, pasi, boksi la vifungo. Nimemsaidia kufunga cherehani kwa blanketi. Vichwa vyetu viligongana, tukacheka kidogo, kisha kila mmoja akakumbuka. Nikasema gauni limempendeza sana. Akasema anajua.

Jumatano, 7 Mei

Mchana nilisinzia mezani nikaota niko mji wa mifano. Watu wote wamehama, milango wazi, vitanda vimetandikwa.

Jumamosi, 10 Mei

Ameondoka. Gari lilifika saa tatu, fundi bomba amevaa koti lililonyooshwa vizuri, akanisalimia kwa heshima mpaka nikaona haya. Dada alikabidhi funguo, akanionyesha bati linalovuja, akaniambia kichwa cha bomba la jikoni kifungwe kwa kitambaa. Alinikumbatia kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulishika pasi. Nilikuwa na mengi, yote yakaja pamoja yakakwama. Nikasema safari njema. Akasema haya.

Vumbi halikutimka, ardhi bado ina unyevu. Gari lilipokata kona nilirudi ndani nikafungua pazia lile kati ya vyumba viwili, nikalitoa kabisa kwenye msumari. Sasa ni chumba kimoja kikubwa na hakina mtu.

Jumatatu, 12 Mei

Hakuna simu. Huko mtandao ni wa shida, wanasema. Nimelala mapema.

Jumanne, 13 Mei

Saa kumi jioni, niko mezani, dirisha limefunguliwa kwa mara ya kwanza tangu Machi. Simu ikaita. Mama Nukta alinitazama usoni, akachukua kikombe chake kilichojaa chai akaenda kuongeza chai.

Dada alisema wamefika salama. Alisema nyumba ina madirisha matano na yeye ana pazia la madirisha mawili. Alisema maji ya bomba yana kasi hadi yanakuchapa, na fundi bomba wake anajisifu nayo kila asubuhi. Sauti ilikuwa inakatika. Nikamuuliza kama cherehani imefika nzima, akasema nzima. Nikamuuliza kama amekula. Akasema amekula. Nikaona tumerudi kwenye adabu yetu.

Kisha nikamsikia akifunga mlango upande wa pili.

"Sikupiga kwa ajili ya cherehani," akasema. "Nimepiga kukusalimia. Ni mimi. Hakuna mwingine aliyenituma."

Nilishika ukingo wa meza. Kuna neno ambalo sijampa tangu mazishi ya shangazi. Kila asubuhi nilipita karibu naye nikisema habari za asubuhi, kama anavyosema mpangaji, na kila asubuhi alilisikia pengo lile, na hakulidai hata siku moja.

"Shikamoo, dada," nikasema.

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema, na nikamsikia analia, na safari hii nilijua analia nini.